Usiku uwe wa reli na maji: kisa cha kuizunguka Tanzania na shanta mgongoni

Kisa chenyewe ni hiki. Juni 2025 mpwa wangu na rafiki yake, mabinti wawili wa Dar es Salaam, walitaka kuizunguka Tanzania na shanta mgongoni. Walikuwa na wiki tano kabla ya kuanza kazi mpya, fedha za kuhesabu, na mzunguko walioupanga wenyewe: Morogoro, Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, Tabora, Kigoma, Bukoba, Mwanza, Singida, Arusha, Lushoto, kisha nyumbani. Ukiunganisha miji hiyo kwa barabara unapata karibu kilomita 4,500. Njia walishakubaliana. Walichobishania ni chombo.

Mimi nimezunguka mikoani miaka mingi kwa kazi ya kusambaza vitabu vya shule, ndiyo maana ujumbe ulinifikia: "Shikamoo mjomba, tunaomba utuamulie." Rafiki mtu alitaka wanunue pikipiki iliyotumika na kuiuza wakirudi. Mpwa wangu alitaka mabasi mwanzo hadi mwisho. Binamu yake mmoja aliwashauri wakodi gari. Dada yangu, mama wa binti, hakuuliza nauli wala ratiba. Alisema jambo moja tu: hataki kusikia wameshuka stendi saa nane za usiku. Wengine waliliona hilo kuwa woga wa mzazi. Mimi niliona kuwa yeye ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko sisi wote, na uchambuzi mzima nikaujenga juu yake.

Tuanze na pikipiki, kwa sababu hoja zake zina uzito kuliko wazee wanavyopenda kukiri. Pikipiki aina ya Boxer ya cc 150 spea zake zinapatikana hadi vijijini, na fundi hakosekani penye bodaboda, maana yake karibu kila mahali. Unasimama unapotaka. Unalala unapopapenda. Lakini mzigo wao ulikuwa watu wawili na shanta mbili juu ya chombo kimoja, na sehemu ya kwanza ya njia yao ni barabara kuu ya Zambia, ambako malori ya Tunduma na Congo hupita mchana na usiku. Mlima Kitonga una kona ambazo lori lililopakia hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake magari hujipanga yakitafuta upenyo. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali kuanzia Mafinga hadi Mbeya. Tulipiga hesabu pia: anayeendesha kwa uangalifu na mzigo huo asijipangie zaidi ya kilomita 250 kwa siku. Kilomita 4,500 kwa mwendo huo ni siku 18 juu ya tandiko, kati ya siku 35 walizokuwa nazo. Nusu ya safari ingekuwa vumbi na mgongo kuuma. Rafiki mtu, ambaye leseni ya daraja A anayo na anaijua pikipiki vizuri, hesabu hiyo ndiyo iliyomlainisha. Mahubiri ya usalama hayakumsogeza hata kidogo.

Gari lilianguka mapema. Ukichukua lita moja kwa kilomita 10 unahitaji lita 450, na kwa bei ya karibu shilingi 3,000 kwa lita hiyo ni shilingi 1,350,000 za mafuta pekee, kabla ya kumlipa mwenye gari kwa siku 35, nyingi kati ya hizo likiwa limeegeshwa nje ya gesti. Gari la kukodi lina maana kwa watu wanne au watano wanaokwenda wiki moja, au kwa siku mbili za kuingia hifadhini. Kwa mabinti wawili na wiki tano halikuwa na maana.

Kwenye mabasi hesabu iligeuka. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, zilizoanza Desemba 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Sehemu za mzunguko ambazo tuliona ni lazima zipitwe kwa barabara zinafika kilomita 3,500 hivi. Kwa daraja la kawaida hiyo ni kama shilingi 170,000 kwa mtu, na kwa daraja la kati kama 237,000. Nchi kubwa namna hii, kwa pesa hiyo! Mpwa wangu alipoona tarakimu hizo alidhani ameshinda ubishi.

Hakuwa ameshinda, kwa sababu ya saa. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na siku hizi LATRA huufuatilia mwendo huo kwa mtambo uliofungwa ndani ya gari. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 1,150. Gawanya kwa 80 upate zaidi ya saa 14, na hapo hujaweka mizani, chakula, kuchimba dawa, wala foleni ya kutoka Mbezi hadi Kibaha. Basi la masafa hayo lazima liguse usiku upande mmoja au mwingine. Marufuku ya mabasi kutembea usiku kucha, iliyodumu karibu miaka 30, iliondolewa Oktoba 2023, kwa hiyo sasa unaweza kuondoka jioni na kulala kitini. Vijana wengi wanalipenda hilo kwa sababu linaokoa pesa ya gesti. Lakini angalia stendi zenyewe zilipo. Stendi kubwa tulizojenga miaka hii ziko pembeni ya miji: Mbezi Luis kwa Dar es Salaam, Igumbilo kwa Iringa, Nyegezi na Nyamhongolo kwa Mwanza. Ukishushwa hapo saa tisa usiku, kilichobaki kati yako na kitanda ni bodaboda usiyemjua, katika mji usioujua, na mali yako yote ikiwa mgongoni. Pesa iliyookolewa kwenye gesti ni ndogo mno kwa hatari hiyo, kwa mabinti hasa, na kwa wanaume pia.

Na usiku una hasara nyingine ambayo watu huisahau: huoni kitu. Mtu hazunguki nchi ili akaione pazia la basi.

Hapo ndipo tulipoacha kuuliza ni chombo gani kwa safari nzima. Tukauliza, kwa kila kipande, usiku utawakutia wapi. Jibu likawa kanuni yenye pande mbili: barabarani ni mchana tu, kuondoka saa 12 asubuhi na kufika kabla ya saa 11 jioni, na kipande kisizidi kilomita 400. Usiku, kama ni lazima kusafiri, uwe ndani ya treni au meli, ambako unaweza kujinyoosha, choo kipo, hakuna lori linalokuja mbele, na chombo kinakufikisha mjini penyewe badala ya stendi ya porini. Treni na meli nazo huchelewa. Ila treni ya kufika asubuhi ikichelewa inakufikisha mchana, na basi la kufika jioni likichelewa linakufikisha usiku wa manane. Kuchelewa ni kule kule, madhara yake ndiyo tofauti.

Kipande kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote ni cha kwanza, Dar es Salaam hadi Iringa, kwa sababu njia nzuri zilikuwa tatu. TAZARA ilikuwa na mvuto wake. Reli ile ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, hupita bonde la Kilombero na kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako kwa madaraja na mahandaki, mahali ambapo barabara kuu haipiti kabisa. Kwa mandhari sijui reli nyingine ya kuishinda hapa nchini. Lakini siku zake zilikuwa chache kwa wiki, ilikuwa ikichelewa sana, na ikichelewa sehemu hiyo tamu inaweza kukukutia gizani. Isitoshe, ingewaruka Iringa. Niliwaambia TAZARA ni safari ya kujitegemea. Uipangie wiki yake, usiichomeke katikati ya mzunguko kama kiunganishi.

Njia ya pili ilikuwa SGR, treni ya umeme ya reli mpya, hadi Dodoma, halafu basi kwenda Iringa kupitia bwawa la Mtera, kilomita kama 260 za lami. Ni njia safi, yenye magari machache. Ya tatu, tuliyoichagua, ilikuwa SGR hadi Morogoro tu, kisha basi la mchana kupitia Mikumi. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na nauli ya daraja la kawaida kwa kipande hicho ni shilingi 13,000. Faida yake kubwa si kasi ya kilomita 160 kwa saa inayosifiwa na kila mtu. Faida ni kwamba inaanzia katikati ya jiji na kukutoa nje ya foleni ya Kibaha na Chalinze, ambayo ndiyo inayoharibu hesabu ya kila basi linaloondoka Dar. Ukipanda ya alfajiri, asubuhi bado mbichi uko Kihonda, na bajaji inakufikisha stendi ya Msamvu.

Masharti ya treni hii yanamgusa mwenye shanta moja kwa moja. Tiketi inakatwa kwa namba ya kitambulisho, NIDA au pasi ya kusafiria, na kitambulisho hicho hukaguliwa. Mizigo hupita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Mabinti walikuwa na jiko dogo la kambi na kimtungi chake cha gesi. Nikawaambia wakiache nyumbani, maana kitaishia kwenye meza ya ukaguzi. Wakabeba sufuria na kutumia mkaa wa kununua huko huko.

Msamvu kuna jambo dogo lililoamua siku nzima. Mabasi ya Mbeya na Songea yanayotoka Dar hupita pale, na wapiga debe watakuhakikishia siti. Usiwasikilize. Tafuta basi linaloanzia hapo hapo Morogoro kwenda Iringa, lenye saa yake ya kuondoka na tiketi ya mfumo yenye namba ya siti. Basi linalopita linafika likitaka lenyewe, na siti iliyobaki huwa ile ambayo wenzako waliikataa tangu Mbezi. Kanuni hiyo tuliibeba mzunguko mzima: panda linaloanzia ulipo. Kwa mwenye shanta ina maana zaidi, kwa sababu buti la basi linaloanza ni tupu, unaweka begi lako mbele ya macho yako na kupewa kikaratasi chake. Pesa, simu na vitambulisho haviingii kwenye buti kamwe.

Kisha Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, na basi ni refu, unaangalia juu ya nyasi. Walipiga simu jioni ile wakipokezana simu: tembo karibu na lami, twiga, pundamilia, nyumbu, na hawajalipa kiingilio. Mwendo humo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kwa hiyo hata dereva mwenye haraka anakupa nafasi ya kuangalia. Baada ya hapo kuna vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinavyoning'inizwa kando ya barabara, bonde la mibuyu, na kupanda Kitonga. Ukipita usiku hayo yote ni giza na honi.

Iringa hadi Mbeya na Mbeya hadi Sumbawanga sina la kusema sana. Kila kimoja ni kilomita 330 hivi, lami, mabasi ya kutosha, na Juni ni kavu. Wachukue sweta nzito.

Sumbawanga hadi Mpanda ndipo basi lilipoonyesha kitu ambacho treni haiwezi: kushuka njiani. Wakamwambia konda tangu mwanzo kwamba wanashuka Sitalike, kijiji kilichopo mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi, kilomita 35 hivi kabla ya Mpanda. Viboko wa mto Katuma wanaonekana pale pale karibu na kijiji wakati wa kiangazi, wamebanana kwenye maji machache. Walilala siku mbili, wakaingia Mpanda kwa noah. Kama wangekuwa na tiketi ya moja kwa moja hadi Tabora wasingepaona.

Mpanda hadi Tabora kanuni ilivunjika. Treni ya usiku ipo kwenye reli ya tawi inayopitia Kaliua, lakini siku zake hazikuangukia siku zao, wakachukua basi la asubuhi. Likaharibika porini katikati ya njia, wakakaa pale hadi fundi alipoletwa kwa pikipiki, na wakaingia Tabora usiku mkubwa. Mpwa wangu alinipigia akiwa na wasiwasi. Jibu lake Watanzania wengi wanalijua: hakuna kushuka. Basi likifika usiku, abiria wasio na mwenyeji hubaki ndani hadi alfajiri, na makonda wamezoea. Walilala vitini na akina mama wenye watoto, mlango umefungwa, wakashuka saa 12 asubuhi pamoja na wengine. Kila mpango wa basi unahitaji kipengele hicho, kwa sababu gari ni chuma na chuma hukatika.

Tabora hadi Kigoma ni kipande ambacho ningekitetea hata kama lami ingekuwa ya dhahabu. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ikifuata kwa kiasi kikubwa njia ya misafara ya zamani kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji. Mtu anayetaka kuijua nchi hii aipite njia hiyo angalau mara moja akiwa chini, kwa mwendo wa polepole, akiona vituo vinavyoamka treni inapofika. Kilomita 400 hivi, behewa la daraja la pili kulala, asali ikiuzwa dirishani upande wa Tabora, chumvi ikikaribisha Uvinza. Tiketi za kulala huisha mapema kuliko za kukaa, kwa hiyo walikata siku waliyofika, kabla hata ya kutafuta chumba. Na kwa mabinti wawili kuna njia ya kukumbuka: omba chumba cha wanawake, maana vyumba hupangwa kwa jinsia.

Kigoma walitamani MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikaletwa kwa vipande kwa reli hii hii, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, na kuanza tena kazi 1927. Ilikuwa kwenye ukarabati, kwa hiyo haikuwa sehemu ya mpango. Walitosheka na boti za abiria za Kibirizi na siku moja Ujiji.

Kigoma hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 500, nje ya kanuni, kwa hiyo kilikatwa Kibondo. Huko mpakani kitambulisho kiwe mfukoni, maana maofisa wa uhamiaji husimamisha mabasi na kuuliza.

Bukoba ulizuka ubishi mpya. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, wiki chache tu kabla hawajafika, na kila mtu Bukoba aliwaambia wapande basi wakalione; foleni ya kivuko imekwisha. Ni kweli, na kwa wakazi wa Geita na Kagera ni ukombozi mkubwa. Lakini meli ya MV New Victoria huondoka Bukoba usiku, hugusa Kemondo, na alfajiri iko bandari ya Mwanza, mjini kabisa. Basi lingewala siku nzima ya mchana na kuwaacha Nyegezi. Meli ilitumia usiku ambao wangeulipia gesti. Dada yangu hapa ndipo aliposita, na ana haki. Wenye umri wetu hatujasahau MV Bukoba, 21 Mei 1996, na zaidi ya watu 800 waliokufa karibu na Mwanza wakiwa wanafika. Meli ile ilikuwa imejaza kupita kiasi. Tulichowaambia mabinti ni kwamba wakifika gatini wakaona watu wanaongezwa nje ya tiketi, wageuke, pesa iende. Wakipanda, wajue jaketi la kuokolea limewekwa wapi kabla ya kuuliza chakula. Walipanda, na walilala.

Mwanza hadi Arusha walikata Singida. Arusha hadi Mombo, kupanda Lushoto kwa kosta, kushuka tena, Dar. Kaskazini magari ni mengi kiasi kwamba hakuna cha kupanga zaidi ya kukwepa mwanzo wa Julai shule zinapofunguliwa, na kumaliza kabla ya Nane Nane, ambapo gesti za Morogoro, Dodoma na Mbeya hujaa.

Anayetaka kwenda kati ya Novemba na Aprili asiunakili mpango huu ulivyo. Kusini na magharibi huo ndio msimu wao mmoja mrefu wa mvua. Lami nyingi sasa inapitika, ila vipande vya udongo vya kuingia hifadhini na vijijini havitabiriki. Reli ya zamani nayo ina udhaifu wake kati ya Kilosa na Gulwe, ambako hufuata mto Mkondoa na mafuriko huila mara kwa mara. Kwa miezi hiyo ningeanzia Dodoma kwa SGR, ambayo ina njia yake mpya yenye mahandaki katika milima ile ile, kisha Singida, Tabora na ziwani, na Katavi ningeiacha hadi Juni. Kila kipande cha reli ya zamani akiwekee siku moja ya akiba, na tiketi ya kipande kinachofuata asiikate kabla hajafika.